Kila Anayetuma Ana Mtu Wake

Kwa wiki tatu nzima Fundi hakumsalimia mwanamume wa duka la miwani, na katika wiki hizo hizo tatu alipata wateja wengi kuliko mwaka mzima uliopita. Mambo hayo mawili yalizaliwa na kisa kimoja. Ndiyo maana kila mteja mpya aliyebisha hodi alimfurahisha na kumuudhi kwa pamoja, na aibu ya kufurahi ikamzidishia hasira.

Alhamisi hiyo mchana alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la watu watatu, aking'oa pini za kitambaa cha zamani moja baada ya nyingine. Alikuwa fundi wa makochi na viti. Baba yake alimwachia karakana, nyundo mbili, sindano iliyopinda na sheria moja. Mama yake alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, miwani puani, akinyoosha misumari iliyopinda. Misumari mipya ilikuwepo kopo zima, lakini Mama hakuwa mtu wa kuona kitu kinatupwa akanyamaza.

Mteja wa siku hiyo alikuwa karani wa benki, bado na sare yake, amebeba kiti kidogo cha mbao kifuani.

"Hodi. Ni wewe dada wa ile video?"

"Karibu. Ni mimi fundi," akajibu Fundi kwa upole wa kibiashara.

"Nimetumiwa na dada yangu. Yeye katumiwa na mwenzake wa kazini. Jamani, nilipoona vile unamwachia yule bibi lile bonde kwenye kiti chake, nililia ndani ya lifti. Nikakumbuka hiki cha babu, kipo stoo miaka sita, kila mtu nyumbani anakikwepa. Nikamrudishia dada nikamwambia, kesho nakipeleka." Akakiweka kiti chini taratibu. "Ila nikwambie ukweli, kilichonimaliza mimi ni yale macho."

"Macho gani?"

Karani akamtazama, akamtazama na Mama, kisha akaziba mdomo akicheka. "Basi, tuyaache. Nitarudi lini?"

Huyo alikuwa mtu wa tano au wa sita kutaja macho. Fundi aliona ni utani tu, kwa kuwa aliyeirusha hiyo video kazi yake ni kupima macho ya watu. Yeye mwenyewe hakuwa ameitazama. Aliapa hataitazama, na kwao mtu akisusa chakula hata harufu haivuti.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Mama mmoja mjane, mtu mzima wa umri wa bibi, alileta kiti cha marehemu mumewe. Kitambaa kilikuwa kimechanika, mkono mmoja wa mbao una alama ya kuunguzwa na pasi, na kikalio kimedidimia upande wa kushoto, maana marehemu alikuwa na mguu mbovu na kwa miaka thelathini alikaa kiupande. Fundi yeyote angetupa ile sponji akaweka mpya iliyonyooka. Bibi alisema kwa sauti ya chini, "Nibadilishie kitambaa, mwanangu. Lakini lile bonde niachie."

Fundi hakumuuliza kwa nini. Alikata sponji mpya, akaichonga kwa kisu polepole, akaweka mkono wake mle ndani ya bonde la zamani apime, akarudi kuchonga. Siku mbili alifanya kazi hiyo. Siku ya pili, saa ya chai, yule mwanamume wa miwani alivuka barabara na vikombe viwili kama kawaida yake, akaegemea mlango, akatoa simu akamrekodi akieleza anachofanya.

Watu wote mtaani walimwita Miwani, ingawa macho yake yalikuwa mazima na hakuwahi kuvaa hata ya jua. Duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana. Walijuana siku Fundi alipompeleka Mama kupimwa. Mama alipokuwa akibishana na herufi za ukutani, Miwani akamwomba na yeye akae, akaweka rula ndogo juu ya pua yake, akapima kutoka mboni hadi mboni. "Sitini na mbili," akasema. Hakuiandika popote. Miezi minane baadaye Fundi aligundua bado anaikumbuka, na hapo ndipo alipoanza kuogopa.

Alikubali shangazi wa Miwani, aliyemlea, aje azungumze na Mama mambo ya posa. Lakini neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Miwani alilisema kwa kila namna, kwa maneno, kwa chai, kwa kuja kushika upande wa pili wa kochi zito bila kuitwa. Yeye alijibu, "Haya," na "Tutaona," na siku aliyobanwa sana akasema, "Si wazee watazungumza?" Kuna watu ulimi wao mwepesi kwa kila jambo isipokuwa lile moja.

Hata ushauri wa biashara Miwani ndiye aliyempa. Fundi alikuwa akilalamika kwamba picha zake mtandaoni hazisogei.

"Naweka kiti kizuri, nimekipiga picha mchana kweupe, naweka namba ya simu na mahali tulipo. Wanapenda watu kumi na mmoja. Sita kati yao binamu zangu."

"Kwa sababu unawaonyesha kiti."

"Mimi fundi wa viti, niwaonyeshe nini, samaki?"

Miwani alicheka mpaka chai ikamwagika. "Sikia. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema ngoja nimsaidie fundi fulani kutangaza. Mtu akishea kitu, kuna mtu anamkusudia. Anamwambia, hii ni wewe mtupu. Au, unakumbuka? Au, si nilikwambia mimi? Hata akiweka waone watu wote, moyoni ana mtu wake mmoja anayemtaka akione. Sasa kiti chako kisafi, kipya, kimekaa peke yake, kitamkumbusha mtu nani?"

"Kwa hiyo nitangaze ya watu ndiyo nipate wateja?"

"Sijasema hivyo. Nasema waonyeshe mikono yako inafanya nini na kwa nini. Atakayekumbuka kiti cha kwao atamtumia ndugu yake. Na ndugu akija hapa, anakuja ameshakuamini. Tangazo haliwezi kukupa hicho."

Alikuwa sahihi, na huenda hilo ndilo lililouma zaidi. Video ya kiti chenye bonde ilitoka jioni, siku mbili baada ya kurekodiwa, na kufikia kesho yake mchana simu ya karakana ilikuwa haikai kimya. Kila aliyepiga alianza na habari za mtu mwingine: kaka yangu kanitumia, mke wangu kaniletea, tuko kwenye kundi la familia tunabishana kiti cha bibi alipewa nani.

Lakini sheria ya baba yake Fundi ilikuwa moja: kilicho ndani ya kiti ni cha mwenye kiti. Katika mikunjo ya makochi alishakuta vitana, vifungo, pete, barua ambazo mtu hakutaka zisomwe, na mara moja jino la mtoto lililofungwa kwenye karatasi. Kila kitu kiliingia kwenye bahasha na kurudishwa kimya kimya, bila swali. Bonde la marehemu halikuwa na tofauti na barua. Alivuka barabara siku ile ile akiwa na nyundo mkononi, si kwa nia mbaya, alisahau tu kuiweka.

"Kaka," alimwita, na Miwani aliposikia kaka alijua mambo yameharibika. "Ulimwomba ruhusa mwenye kiti?"

Miwani alifungua mdomo, akaufunga. "Siwezi kukujibu hilo."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, Fundi."

"Basi na mimi siwezi."

Yakaishia hapo. Mama aliposikia hakupandisha sauti, aliendelea kunyoosha msumari. "Mwanamume anayetangaza ya kiti cha mtu," alisema, "kesho atatangaza ya chumbani kwako." Shangazi mtu akapelekewa ujumbe asubiri kidogo. Akasubiri wiki ya kwanza, akasubiri ya pili. Jana yake alituma salamu kwa adabu lakini bila kuzunguka: Jumapili hii aje, au wasipotezeane muda, kila mtu ashike njia yake. Mama alitakiwa ajibu leo.

"Nimjibu nini?" Mama aliuliza sasa, karani wa benki alipokwisha kuondoka.

Fundi alizidi kung'oa pini. "Mjibu unavyoona."

"Mimi naona vizuri siku hizi, nina miwani. Nakuuliza wewe."

Aliyetengeneza hiyo miwani ndiye huyo huyo. Fundi aliinua macho bila kukusudia, yakavuka mlango, yakavuka barabara, yakamkuta Miwani nyuma ya kioo cha duka lake ameinama juu ya fremu na bisibisi yake ndogo. Wiki tatu amekuwa hivyo, ameinama. Zamani aliinua kichwa kila baada ya muda kama mtu anayetazama saa. Fundi alijisikia vibaya kifuani, hasa kwa kuwa alikuwa na haki. Kumkumbuka mtu aliyekukosea ni kazi ngumu, huna hata wa kumlalamikia.

"Sijui, Mama," alisema. "Kweli sijui."

"Hodi hapa."

Sauti ile waliijua wote wawili. Bibi wa kiti alikuwa mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, mkoba umebanwa kwapani. Kiti chake kilikuwa kimeshachukuliwa na kijana wa mkokoteni zamani, siku mbili kabla ya mambo yote kulipuka, na yeye mwenyewe hakuwa ameonekana tangu hapo. Fundi alisimama, pini bado kiganjani. Siku hii alikuwa akiiogopa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Shikamoo dada," Mama naye akasema, akiinuka kumpisha kwenye kigoda.

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa tu, miguu yangu mizima." Lakini alikaa, na Mama akahamia sakafuni kando yake na misumari yake.

Fundi hakusubiri. "Bibi, nisamehe. Ningekuja nyumbani kwako, miguu ilikuwa mizito. Kiti chako kimeonekana na watu wasiokuhusu. Si kwa mkono wangu, lakini kimetokea kwangu. Kwetu hilo halijawahi kutokea. Naomba radhi kwa niaba ya karakana na kwa niaba ya baba."

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinamia upande. Kisha akamgeukia Mama. "Anazungumza nini huyu?"

"Ile video, dada."

"Ninajua ile video. Niliikubali mwenyewe."

Nyundo ya Mama ilibaki hewani.

"Yule kijana wa ng'ambo alikuja nyumbani kabla hajaituma," Bibi akaendelea. "Alikuja akakaa, akanywa maji, akanionyesha kwenye simu. Akasema, Mama, hiki ni chako, ukisema hapana naifuta hapa hapa ukiona. Nikamwambia nipe muda. Akatoka. Jioni ile ile nikampigia, nikamwambia itume, tena itume mbali."

"Sasa mbona hakusema?" Fundi alisikia sauti yake imepanda. "Nilimuuliza, Bibi! Nilimuuliza hapo hapo kwake!"

"Nilimwapisha." Bibi alifungua mkoba, akaufunga tena, mikono yake ilitaka kazi. "Mimi na mwanangu wa kiume tuligombana wiki ya mazishi. Yeye anasema baba yake alimwahidi kile kiti. Mimi nikasema kiti hakitoki. Akasema maneno, nikasema maneno. Mwaka na miezi saba hatujasemezana. Yeye kichwa ngumu, mimi kichwa ngumu, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilitaka akione kile kiti. Lakini sikutaka ajue ni mama yake anayemwonyesha, maana angesema, aha, kaanza kunitafuta, kashindwa. Asingepiga simu ng'o. Nikataka adhani dunia ndiyo imempelekea. Kwa hiyo nikamwambia yule kijana, mtu yeyote asijue nimekubali. Akaniuliza, 'Hata Fundi?'"

"Ukasema nini?"

"Nikasema hasa Fundi. Maana nasikia mama yake hana kifua."

"Mimi?" Mama akasema.

"Ndivyo nilivyosikia, mdogo wangu. Usinikasirikie, mimi si mwenyeji sana mtaa huu."

Fundi alikaa chini, pale pale sakafuni kati ya pini. Alikumbuka mdomo wa Miwani ulivyofunguka ukafungika. Alikumbuka asubuhi zote za wiki tatu, mtu anafagia mbele ya duka lake, anatukanwa kwa macho na fundi na kwa maneno na mama wa fundi, na jibu moja lililotosha kumaliza yote liko mdomoni mwake, halitoki. Mtu wa kutangaza ya watu!

"Na mwanao?" Mama aliuliza kwa sauti iliyopungua.

Uso wa Bibi ulifunguka wote. "Kanipigia jana mchana. Hata salamu hakunipa! 'Mama, nani kakuruhusu kubadilisha kitambaa cha kiti cha baba?' Katumiwa na mkwe wake, aliyetumiwa na sijui nani, kakijua kwa ile alama ya pasi, maana aliyeunguza ni yeye akiwa na miaka kumi na mbili. Tukagombana nusu saa. Nusu saa, mwanangu! Tangu tumzike baba yake sijafurahi vile. Mwisho akanyamaza, akaniuliza, 'Bonde bado lipo kweli?' Nikamwambia, njoo ukalie mwenyewe. Anakuja kesho kutwa." Akajifuta jicho kwa ncha ya kitambaa. "Sasa siri imeisha kazi yake. Nimekuja kukuambia uninong'onee bei ya kiti cha pili, kama hicho hicho, maana nikimpa kile mimi nitakaa wapi? Na yule kijana nimpitie nimwambie nimemfungulia kiapo."

"Usimpitie, Bibi," Fundi alisema. "Nitampelekea mimi."

Mama alichukua msumari ambao alikwisha kuunyoosha, akaanza kuunyoosha upya.

"Kila asubuhi akipita nilimrushia neno," alisema baadaye, kana kwamba anazungumza na msumari. "Juzi nilimwita redio."

"Akajibu nini?"

"Shikamoo Mama. Kila siku, shikamoo Mama." Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa. Mama hakuwa mtu wa kuomba radhi; alikuwa mtu wa kutoa amri zenye radhi ndani yake. "Kikombe chake kile kiko rafuni wiki ya tatu kinakula vumbi. Vitu vya watu vinarudishwa. Osha, umpelekee."

Fundi alikiosha kikombe mara mbili. Alijipangusa uzi uliong'ang'ania nywele, akajiona mjinga, akavuka barabara.

Duka la miwani lilikuwa na ukimya wa aina yake, fremu zimepangwa ukutani safu kwa safu zote zikikutazama. Miwani alikuwa amekata lenzi, anaisugua kingo. Alipomwona mkononi ana kikombe badala ya nyundo, aliizima mashine.

"Karibu, dada," alisema kwa tahadhari.

"Bibi wa kiti yuko kwetu. Anasema amekufungulia."

Miwani alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua kochi zito ngazi ya mwisho. "Mwanawe kapiga simu?"

"Kapiga. Wamegombana nusu saa. Anakuja kesho kutwa."

"Alhamdu—" Alicheka, akajipangusa uso kwa kiganja. Furaha yake ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya yule bibi, wala hakujikumbuka. Fundi aliiona, na moyo wake ukasema wazi kile ambacho ulimi ulikuwa unakimbia.

"Kwa nini hukuniambia hata kwa fumbo? Ungekonyeza tu!"

"Ungekuwa wewe mwenye kiti, ungependa nikonyeze?"

Fundi aliweka kikombe juu ya kaunta ya kioo. "Nilikuita kaka."

"Niliisikia. Iliniuma kuliko ile redio ya Mama."

"Nisamehe."

"Na mimi nisamehe," Miwani alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Maana kuna kosa nililifanya kweli, ila sio lile ulilolijia na nyundo. Nilimwomba ruhusa mwenye kiti. Mwenye uso sikumwomba."

"Uso gani?"

Alimkazia macho. "Fundi. Umeitazama video?"

"Sijaitazama. Nilisusa."

"Hata mara moja?"

"Kususa ni kususa."

Miwani alikaa polepole kwenye kiti cha wateja, kile cha kupimia. Kisha akatoa simu, akaitafuta, akampa, akageuza uso upande wa ukuta wenye herufi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Fundi aliona mikono yake mwenyewe, kisu, sponji, na mkono unaingia kwenye bonde la zamani kupima. Alijisikia akieleza: hapa alikaa mtu, sasa mimi ni nani nimwambie mkewe hakukaa. Kutoka nje ya picha sauti ya Miwani ilisema, "Chai inapoa, Fundi." Na yule Fundi wa kwenye simu akainua kichwa.

Sekunde tatu hazikutimia. Alimtazama aliyeshika simu, akatabasamu, na macho yake yakasema kila kitu, bila haya, bila tutaona, bila wazee watazungumza. Hakujua kama ana macho ya namna ile. Video ikaishia hapo.

Chini yake maneno ya watu yalijaa. Wengine walitaja viti vya kwao. Lakini wengi waliuliza jambo moja: huyo anayerekodi ni nani, jamani, mbona anatazamwa hivyo? Mke wangu, lini mara ya mwisho ulinitazama hivi? Dada, huyo kaka anajua?

Masikio ya Fundi yaliwaka moto. "Karani wa benki," alisema. "Na yule mwalimu. Na yule mwenye duka la vyombo. Wote... macho, macho..."

"Nilitaka kuikata ile sehemu," Miwani alisema akiutazama ukuta. "Nilikaa nayo, kidole juu ya kitufe. Nikashindwa. Wiki zote zile unanijibu haya, unanijibu tutaona, na mimi kazi yangu ni macho, nayaona, lakini nikajiambia labda naona ninachotaka. Nikaiacha."

"Ulikuwa unamkusudia nani?"

Alijua jibu. Alitaka alisikie.

"Si nilikwambia kila anayeshea ana mtu wake mmoja anayemtaka aione?" Miwani aligeuka. "Mimi nilitaka uione wewe. Imetazamwa mpaka nchi za watu. Wewe peke yako ndiye hukuiona."

Fundi alicheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia kikawa machozi, akayaacha yatoke. Wageni wa mbali walishajua. Karani alijua ndani ya lifti. Aliyebaki bila kuambiwa kwa mdomo alikuwa huyu aliyekaa mbele yake, ametulia, amemsubiri kama alivyozoea kusubiri mtu achague fremu.

"Nakupenda," alisema. Lilitoka jepesi, wala halikuuma. "Nakupenda tangu sitini na mbili."

Miwani alinyanyuka. Hakumshika, duka lilikuwa la vioo na mtaa una macho. Aliweka tu kiganja chake juu ya kaunta, kando ya kile kikombe, na Fundi akaweka chake juu yake. Kiganja chake kilikuwa na sugu za nyundo na cha Miwani kilikuwa na unga mweupe wa lenzi.

"Shangazi anataka jibu leo," alinong'ona Fundi akikumbuka ghafla. "Mama hajajibu. Ngoja nikimbie nikamwambie—"

Simu ya Miwani, iliyokuwa bado mkononi mwa Fundi, ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa shangazi, na wote wawili waliusoma vichwa vimegusana. Shangazi alikuwa amepitisha kitu alichotumiwa muda huo huo: ile ile video, na chini yake maneno yaliyoandikwa na mtu asiyejua vizuri kitufe cha nafasi kiko wapi. *Jumapilisaannenjooni. Msichelewe. Kijana anakifua.* Na shangazi mwenyewe ameongeza: Wewe mtoto, unatazamwa namna hii halafu umekaa kimya wiki tatu? Nikute umenyoa.

Fundi aligeukia kioo. Ng'ambo ya barabara, kwenye kigoda, Bibi wa kiti alikuwa ameinama anaelekeza kwa kidole, na Mama, ambaye tangu anunuliwe simu hakuwahi kumtumia mtu yeyote kitu chochote, alikuwa ameishika kwa mikono miwili karibu na miwani yake, anahakikisha kama imefika.

"Mama!" Fundi alimwita kutoka mlangoni.

Mama alishtuka, akaificha simu chini ya kanga, akakamata nyundo.

"Niacheni," alipaza sauti. "Nanyoosha misumari."